Nilitaka kusema nimewafundisha, ripoti ikasema nimewapiga

SWALI

Mshauri wetu wa lugha,

Salamu nyingi. Naandika nikiwa na aibu ambayo sijaizoea, kwa kuwa kwa umri wangu na kwa kazi yangu mimi ndiye ninayetarajiwa kuwaelewesha wengine. Mimi ni mkufunzi wa wafanyakazi wapya katika kampuni inayohifadhi na kusafirisha mizigo. Kila kundi jipya linapoajiriwa nakaa nalo kwa wiki mbili, na katika wiki hizo nahakikisha kwamba kila mmoja anazijua kanuni saba za usalama ghalani kiasi kwamba hata ukimwamsha usiku wa manane atakutajia zote kwa mpangilio kabla hajafumbua macho vizuri. Mafunzo hufanyika kwa Kiswahili. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu wakubwa wanaozisoma hawajui Kiswahili.

Kiingereza changu si kibovu, ila ni Kiingereza cha daftari. Kwa miaka mingi nimekuwa nikizinakili nahau za lugha hiyo katika daftari kubwa lenye safu mbili, kushoto nahau, kulia maana yake kwa neno moja. Katika ukurasa mmoja, ambao sasa nautazama kwa uchungu, safu ya kushoto ina "drum into", "din into", "drill into", "hammer home", "drive home", "knock into", "beat into" na "ram down". Safu ya kulia ina neno moja tu, "kukaririsha", nami nilichora mabano marefu ya kuzikusanya zote nane chini ya neno hilo. Mwalimu wangu wa zamani alitufundisha kwamba mwandishi mzuri harudii neno, basi katika ripoti yangu ya mwisho niliamua kuzichanganya ili wakubwa wasichoke.

Nazinakili hapa sentensi tatu kama zilivyokuwa. Ya kwanza: "I hammered the new workers for two weeks." Nilikusudia kusema kwamba kwa wiki mbili niliwarudilia kanuni hadi zikawaingia. Ya pili: "I had to beat the slow ones until the rules entered." Nilikusudia kwamba waliochelewa kuelewa niliwaongezea vipindi. Ya tatu: "As for those who forget, next month I will teach them a lesson." Hapa nilimaanisha tu kwamba watakaosahau watapata somo jingine mwezi ujao, na chumba cha somo hilo nilikuwa nimekwisha kukiomba.

Siku mbili baadaye niliitwa na ofisa wa rasilimali watu. Ripoti yangu ilikuwa mezani pake, sentensi zile tatu zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na pembeni ameketi mtu mwingine anayeandika kila kinachosemwa. Ofisa akaniuliza, kwa upole wa ile aina inayotisha, kama kuna mfanyakazi yeyote aliyeumia. Mimi nikadhani anaulizia ajali za ghalani, jambo ambalo rekodi yetu ni nzuri, nikamjibu kwa fahari: "Not yet." Yule mwandishi akaacha kuandika, akaniangalia.

Nimetakiwa kutoa maelezo kwa maandishi, na kikao cha pili ni Jumatatu ijayo. Naomba unisaidie katika mambo matatu. Kwa nini Kiingereza kinafundisha kwa nyundo, ngoma na fimbo, halafu kinapotumiwa nami kinageuka kuwa kesi? Nitazitofautishaje nahau hizi nane, ambazo kwangu zote ni kitu kimoja? Tena, kijana ninayefanya naye kazi, ambaye Kiingereza amekipata kwenye filamu wala hajawahi kukiandika popote, ananicheka kwamba najifunza "parrot-fashion" na ananishauri nilichome daftari. Je, nilichome?

Mkufunzi wa Kanuni Saba

JIBU

Ndugu Mkufunzi,

Pole kwa yaliyokukuta, na daftari usilichome. Nitalirudia baadaye. Kwanza tuisome ripoti yako kwa macho ya mtu aliyelelewa katika Kiingereza, maana mtu wa namna hiyo ndiye aliyeisoma na ndiye utakayemkuta kikaoni.

Sentensi ya kwanza ameisoma hivi: kwa wiki mbili niliwatwanga wafanyakazi wapya. Kitenzi "hammer" kinapofuatwa na mtu moja kwa moja humaanisha kumshinda vibaya, kama timu iliyofungwa mabao mengi inavyosemwa kuwa imetwangwa, au kumshambulia kwa lawama kali. Mafunzo hayamo humo hata chembe. Ya pili haikuhitaji tafsiri yoyote: uliwapiga wazito wa kuelewa mpaka kanuni zikaingia. Ya tatu, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokumaliza, kwa sababu haina kosa hata moja la sarufi. Zile mbili za mwanzo zina dalili za mgeni wa lugha, na msomaji mwenye subira angeweza kujiuliza kama mwandishi ameteleza. Hii ya tatu ni Kiingereza kilichonyooka kabisa, nacho kinasema kwamba mwezi ujao utawatia watu adabu. "To teach someone a lesson" kwa kawaida ni kumwadhibu mtu ili asithubutu tena. Wala hatuna haki ya kuishangaa sana nahau hiyo, kwani hata kwetu anayesema "nitamfunza adabu" hajapanga kuleta ubao na chaki, na anayemwambia mwenzake "utanijua" hana nia ya kujitambulisha.

Sasa tuje kwenye ukurasa wako wenyewe. Nahau nane ulizoziandika ni halali zote, na zote kweli zinahusu jambo kuingizwa kichwani kwa nguvu au kwa kurudiwarudiwa. Kilichoharibika ni mahali ulipoliweka pigo. Katika nahau hizi kinachopigwa ni somo, na mtu ni mahali ambapo somo linaingia. Mwingereza akisema "she drummed the rules into us", kanuni ndizo zinazokifuata kitenzi na ndizo zinazopata kishindo chote. Sisi tumekaa nyuma ya "into", tunapokea. Fundi seremala hapigi ubao. Anapiga msumari, na ubao unaupokea. Fundi anayeupiga ubao wenyewe ameukosa msumari, na ripoti yako, ndugu yangu, ina alama za nyundo ubaoni na msumari hauonekani popote.

Kipimo chake basi ni chepesi: kabla ya kuituma sentensi, mtafute mtu ndani yake. Ukimkuta baada ya "into", au baada ya "to" pale unapotumia "home", uko salama au karibu na usalama. Ukimkuta amekikalia kitenzi papo hapo bila kihusishi katikati, umempiga. Kitenzi kimoja tu katika orodha yako kinaruhusu mtu akifuate bila madhara, nacho ni "drill", ambacho nitakieleza kivyake.

Umeuliza kwa nini balaa hili limekupata wewe, mtu makini wa madaftari. Nadhani sababu ni mbili, na zote zimetoka katika Kiswahili chako kizuri wala si katika Kiingereza chako. Ya kwanza ni kauli ya kutendesha. Sisi tunasema "niliwakaririsha kanuni", na tazama jinsi watu walivyotangulia: kiambishi "wa" kimeketi ndani ya kitenzi, kanuni zinafuata nyuma kama mzigo. Sarufi yetu humpa mtu kiti cha mbele. Ulipokuwa unaandika "I hammered the new workers", ulikuwa unaandika "niliwakaririsha" kwa maneno ya kigeni, na kanuni, kwa kuwa zilikuwa nyuma, zikaangukia njiani.

Sababu ya pili ni kitenzi chetu "kupiga", ambacho kimetumika mno hadi kimeota sugu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga hodi na kupiga mstari, na katika yote hayo hakuna anayeumia. Tena katika taaluma yako mwenyewe tunasema wafanyakazi wamepigwa msasa, na anayesikia anaelewa kwamba wamepata mafunzo mafupi ya kuwanoa, wala hamkimbilii daktari. Mtu aliyezoea kitenzi kisicho na makali namna hiyo ni rahisi kudhani kwamba "beat" na "hammer" navyo vimekwisha kuchakaa. Havijachakaa. "Beat" likiwekewa mtu mbele yake bado linaacha alama mwilini.

Baada ya kusema hayo, niruhusu nizifungue baadhi ya nahau zako moja moja, kwa kuwa mabano uliyoyachora yamezifanya ndugu wa tumbo moja ilhali baadhi yao hata salamu hawapeani.

"Drum" ni ngoma, na "to drum something into someone" inachukua sifa moja tu ya ngoma, yaani pigo linalorudi na kurudi kwa kipimo kilekile. Hapa hakuna maumivu, kuna uchovu. Kihusishi ndicho kinachobeba maana nzima, na ukikibadilisha unaondoka katika ufundishaji kabisa. "Drum up" ni kuwatafuta na kuwakusanya wateja au watu wa kukuunga mkono. "Drum out" ni kumfukuza mtu kwa aibu, na chanzo chake ni jeshini, ambako askari aliyevunjiwa heshima alitolewa huku ngoma zikipigwa. Ungeteleza hapo, ungekuwa umewafukuza kazi wanafunzi wako wote kwa mpigo. "Din into" ni jirani wa "drum into", ila badala ya mdundo ina kelele. Ni kumpigia mtu kelele masikioni mpaka akakubali, na siku hizi huisikii mara nyingi.

"Hammer home" na "drive home" ndizo ninazozipenda kuliko zote, na ndizo zinazowaumbua wafasiri wengi. Neno "home" hapo si nyumbani. Ni kielezi chenye maana ya mpaka mahali pake, mpaka mwisho. Mtazame fundi anapogongomea msumari: mapigo ya mwanzo ni mepesi, vidole bado vimeushikilia msumari usiyumbe, kisha anaachia, mapigo yanakuwa mazito, sauti inabadilika kadiri chuma kinavyozama, na pigo la mwisho ni lile linalokilaza kichwa cha msumari kikawa sawa na uso wa mbao, ukipitisha kidole huhisi kitu. Hapo ndipo msumari umefika "home". Kwa hiyo "he drove the point home" ni kwamba aliigongomea hoja mpaka ikazama yote, hakuna iliyobaki nje. Mimi nilipokuwa naanza kazi ya kufasiri niliwahi kuandika kwamba msemaji "aliipeleka hoja nyumbani", na mhariri wangu akaandika pembeni, kwa penseli, "Ilifika salama?" Tangu siku hiyo sijaikosea tena.

Katika familia hiyohiyo kuna "ram home", na hapa Kiswahili kina neno linaloingia kama kidole katika pete. Watu waliotumia gobori walimimina baruti mtutuni, kisha wakaishindilia kwa mdeki mpaka ikakaa chini kabisa. Kushindilia huko ndiko "ram home". Ukiandika kwa Kiswahili kwamba umewashindilia kanuni, msomaji atakuelewa, ingawa atahisi pia kwamba wanafunzi hawakuulizwa kama wana nafasi. Ile uliyoiandika "ram down" imekatika mkia, maana kamili yake ni "to ram something down someone's throat", kumshindilia mtu kitu kooni, nayo ina sharti moja ambalo daftari lako halikulitaja: ni nahau ya kulalamika. Anayeitumia ndiye aliyeshindiliwa, au anayemtetea. Hakuna mkufunzi anayejisifu kwamba amewashindilia wanafunzi wake kanuni kooni, isipokuwa awe ameamua kuacha kazi.

"Drill" kilikuja katika Kiingereza kutoka Kiholanzi, na tangu karne ya 17 kimekuwa na kazi mbili, kutoboa na kuwafunza askari. Sisi kazi hizo tumezigawa kwa maneno mawili, keekee la seremala na kwata la askari, na ndiyo maana daftari lako halikujua liliweke wapi neno hili. Ukisema "I drilled the rules into them", umetumia keekee: kanuni zinazama ndani yao kwa kuzungushwa. Ukisema "I drilled them in the rules", umetumia kwata: umewasimamisha mstarini, wakarudia tendo moja mpaka mwili ukalijua. Kwa mafunzo ya usalama ghalani hii ya pili ndiyo nahau yako hasa, kwa sababu haina hasira ndani yake, inakubalika katika maandishi ya kiofisi, na inaeleza kwa usahihi kitu unachokifanya. Ungeitumia hiyo peke yake, leo usingeniandikia.

Kuhusu "beat into" na "knock into", ushauri wangu ni kwamba uzifahamu unaposoma na usiziandike kamwe unapozungumzia kazi yako. Nahau hizi zina kumbukumbu ya fimbo halisi. Nchini Uingereza viboko katika shule za serikali vilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1986 iliyoanza kutumika mwaka 1987, kwa hiyo wako watu wengi, wala si wazee sana, ambao wakisema "the tables were beaten into us" wanazungumzia jedwali la kuzidisha na pia wanazungumzia viganja vyao. Msomaji wako hawezi kujua unaongea kwa mfano au kwa ushahidi. Hata "knock some sense into him", ambayo husemwa kwa mzaha, ni mzaha wa mtu anayetamani kumzaba mwenzake kofi.

Liko jambo jingine ambalo orodha yoyote ya nahau huliacha nje, nalo ni nani anayesema. Ukizisikiliza nahau hizi zinapotumika kwa kawaida, utagundua kwamba mara nyingi huja katika kauli ya kutendwa na huhusu yaliyopita: "it was drummed into us", "it had been drilled into me since childhood". Mtu mzima anakumbuka alivyolelewa, na ndani ya maneno hayo mna shukrani kidogo na manung'uniko kidogo. Anayefundisha mwenyewe huzitumia kwa tahadhari zaidi, kwa sababu anayejisemea "nimewapigia ngoma" anakiri kwamba wanafunzi wamechoshwa. Kuna kundi zima la nahau linalomngoja akizidisha. Atasemwa kwamba "he harps on" jambo moja, yaani anakwangua uzi uleule wa kinubi, au kwamba yuko "like a broken record", kama santuri iliyokwaruzika ambayo sindano yake inaruka na kurudi kwenye neno lilelile. Kati ya "drum into" na "harp on" wala huwezi kuona tofauti kwa kuhesabu marudio. Tofauti ni kama msikilizaji anaona jambo linastahili kurudiwa.

Hapa nina neno kuhusu mwalimu wako wa zamani, kwa heshima zote. Kanuni yake ya kutorudia neno inafaa insha, tena si insha zote. Katika ripoti ya kazi, ukishasema "trained" katika aya ya kwanza, sema "trained" katika aya ya pili na ya kumi, kwa kuwa msomaji wa ripoti anapokutana na neno jipya hudhani amekutana na jambo jipya. Inachekesha kidogo kwamba mtu ambaye kazi yake yote ni kurudia kanuni saba kwa wiki mbili ameingia matatani kwa kuogopa kurudia neno moja.

Sasa daftari na kijana wako. Amekuambia unajifunza "parrot-fashion", na kwa hiyo nahau hatuhitaji mkalimani, kwani kasuku wa Kiingereza na kasuku wetu ni ndege yuleyule: anatamka asichokielewa. Lakini kijana ameichanganya nahau hiyo na mbili nyingine. "To know by heart" ni kujua kwa ghibu, kulihifadhi jambo moyoni, nayo ni sifa. "To learn by rote" ni kujifunza kwa kurudiarudia, na leo hutumika zaidi kwa kubeza, ingawa haikuwa hivyo sikuzote. Mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anamsifu mwanasheria katika utangulizi wa Canterbury Tales kwa kuijua kila sheria "by rote", na neno hilo hapo halibezi, maana mwanasheria asiyelazimika kufunua kitabu alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Kujua kwa ghibu si ukasuku. Kanuni ya saba ya ghala lako, vyovyote iwavyo, haina faida kwa mtu anayehitaji kuisoma ukutani wakati mzigo tayari umeanza kuteleza.

Kosa la daftari lako liko katika safu ya kulia. Uliikariri nahau bila sentensi yake, ukaipa maana ya neno moja, na neno moja haliwezi kukuambia nani anakaa wapi wala nani anayelalamika. Lichukue daftari lilelile, futa yale mabano, na mbele ya kila nahau andika sentensi nzima uliyoikuta imeandikwa au kusemwa na mwenye lugha, si uliyoitunga. Chini yake andika kwa Kiswahili mambo matatu: nani anayesema, anamsema nani, na anajisikiaje. Nahau nane zitajaza kurasa nne badala ya mistari minane, na nyingine utakuta huna haja nazo.

Kisha usizibukue zote usiku mmoja. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri mifululizo ya silabi zisizo na maana yoyote. Katika jaribio moja la mifululizo ya silabi 12, marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimsaidia sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa siku moja. Waswahili walikwisha kuliona hilo katika ukingo wa kisima waliposema papo kwa papo kamba hukata jiwe, na sharti lake limo ndani ya methali yenyewe, kwa sababu kamba hiyo hupita leo, ikapita kesho, ikapita na kesho kutwa. Pitia kurasa zako nne kwa dakika chache leo, kisha keshokutwa, kisha wiki ijayo, ukiwa umeifunika sentensi kwa karatasi na kujaribu kuisema kabla ya kuifunua. Huko kujaribu kuisema kabla ya kuiona ndiko kasuku asikokuweza. Ukipenda, wagawanyie hivyohivyo wanafunzi wako vipindi vya kanuni zile saba, badala ya kuzimaliza zote siku ya kwanza.

Limebaki la Jumatatu. Maelezo yako yawe mafupi, na usitumie ndani yake nahau hata moja. Anza kwa kusema kwamba hakuna mfanyakazi aliyepigwa, aliyetishwa wala aliyeadhibiwa, na kwamba sentensi tatu za ripoti ziliandikwa kimakosa. Kisha uziandike upya, moja baada ya nyingine. Mahali pa ya kwanza: "For two weeks I trained the new employees in the seven safety rules." Mahali pa ya pili: "Those who needed more time were given extra sessions." Mahali pa ya tatu: "Anyone who forgets the rules will be trained again next month." Ambatisha ratiba ya vipindi vya ziada na lile ombi la chumba, kwa kuwa mtu anayepanga kuwatia watu adabu haombi chumba chenye viti. Yataje pia majina ya waliohudhuria vipindi hivyo, ili ofisa aweze kuwauliza bila wewe kuwapo.

Lieleze na lile jibu lako la mezani, maana naamini ndilo lililomfanya yule mwandishi aache kalamu. Kiswahili kinapenda "bado" kwa adabu. Mtu akiulizwa kama ameoa, kama amejenga, kama amewahi kupanda ndege, hujibu "bado" hata akiwa hana mpango huo, kwa kuwa "hapana" ni kama kuufunga mlango wa heri. Kwa Kiingereza "not yet" ni ahadi. Ulimwambia ofisa kwamba hakuna aliyeumia mpaka sasa, ila wasiwe na haraka. Akikuuliza tena swali lile Jumatatu, mjibu "No", kisha unyamaze.